Kitabu kimoja, sufuria moja

Kikundi chetu cha kwanza cha kusoma kiliuliwa na biriani.

Tulianza wanawake saba: wanne wa Mji wa Kale hapa Mombasa, wawili wa Majengo, na mmoja aliyekuwa akivuka feri kutoka Likoni. Mpango ulikuwa mwepesi. Jumapili ya kwanza ya mwezi, nyumba moja, kitabu kimoja. Mwezi wa kwanza tulikunywa chai kwa mkate wa sinia. Wa pili, mwenye zamu akaongeza sambusa na katlesi. Wa tatu pakawa na pilau. Kufikia wa tano mwenzetu alipika biriani kama ya harusi, akaazima masinia kwa majirani, na alipotoka jikoni saa kumi na moja alikuwa hajiwezi kwa uchovu. Kitabu hakukigusa tangu tulipoagana mwezi uliotangulia. Wa sita ilikuwa zamu ya dada wa Likoni. Akatuma ujumbe kwamba mtoto ana homa. Mwezi uliofuata akatuma tena. Wa nane hapakuwa na kikundi.

Nilikutana naye sokoni Marikiti baada ya muda mrefu, anachagua nazi, anazitikisa moja moja sikioni. Tukasalimiana, tukaulizana hali za watoto, kisha akaniambia bila kuzunguka: "Dadangu, mtoto hakuwa na homa. Mimi nyumba yangu ni chumba na sebule. Ningewakalisha wapi, na ningewapa nini baada ya ile biriani? Na kile kitabu chenu cha Kiingereza nilifika ukurasa wa thelathini nikashindwa."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo moyoni. Tulimwalika mwenzetu aje tusome, tukaishia kumpa mitihani miwili, wa jikoni na wa darasani.

Kikundi cha pili kina mwaka wa nne sasa, na mwezi pekee tunaoukosa ni wa Ramadhani. Naulizwa mara kwa mara na watu wanaotaka kuanzisha chao, na karibu wote huanza kwa kuuliza wasome kitabu gani. Kitabu kitapatikana. Kwanza tuongee habari za chakula.

Chagueni chakula kimoja, kisibadilike. Sisi ni mahamri na mbaazi, nyumba yoyote, mwezi wowote. Aliyejaliwa na asiyejaliwa wanapika kitu kile kile. Mtu akija na sahani ya ziada tunamshukuru, tunaifunika vizuri, na anarudi nayo kwake akale na watoto. Mwanzo ilionekana ni ukali, na mmoja wetu alinuna kwa ajili ya kaimati zake. Lakini bila ukali huo tungerudi kule kule kwenye masinia ya kuazima.

Nilichagua mahamri kwa sababu nyingine pia. Unga wa mahamri hungojwa, na mtu anayengoja unga ana nafasi ya kusoma. Tunafika baada ya alasiri, kama saa kumi. Mwenye nyumba huwa ameshachekecha unga kwenye beseni, kilo moja kwa watu wanane, na sukari, hamira, na hiliki iliyotwangwa pale pale. Mmoja wetu anakanda kwa tui zito la vuguvugu huku wengine wanavua viatu na kupeana habari. Anakanda mpaka unga uache kugandama vidoleni, anaufunika kwa leso, anauweka kando. Hapo ndipo kitabu kinapofunguliwa. Kwa joto la kaskazi, Januari na Februari, unga unaumuka upesi, dakika arobaini hivi. Mvua za Mei zikianza na upepo wa kusi ukivuma, utangoja saa nzima na zaidi. Kwa hivyo Januari tunasoma kidogo na Mei tunasoma sana, wala hakuna anayetazama saa. Unga ukifura ukainua leso, msomaji anamaliza aya aliyomo, nasi tunasimama kusukuma, kukata pembe tatu na kukaanga.

Mbaazi zenyewe huwa zimelowekwa tangu usiku, zimechemshwa asubuhi hadi zikalainika, zimebaki kutiwa nazi tu. Hapa nina onyo. Tui la pili ndilo linalotangulia, pamoja na kitunguu, pilipili mbichi na manjano kidogo. Tui zito linakuja mwisho, moto umeshapunguzwa, na mwiko hautoki sufuriani mpaka lichemke. Usilitie kisha ukarudi ukumbini. Mimi nililitia, nikasikia sauti ya msomaji imebadilika, nikasogea mlangoni kusikiliza habari za yule kijana anayepandishwa gari la moshi kwenda asikokujua. Nilipogeuka tui lilikuwa limekatika, mafuta juu, maji chini. Tulizila hivyo hivyo. Lakini tangu siku hiyo anayekoroga tui ndiye anayesomewa: msomaji anahamia mlango wa jiko, na sisi wengine tunajisogeza nyuma yake.

Na mikono yenye mafuta haigusi kitabu. Kitabu kinafungwa kabla karai halijatelekwa, hakifunguliwi tena mpaka mwezi ujao.

Sasa kusoma kwenyewe. Someni pamoja, kwa sauti. Kama ningeambiwa niache mengine yote nishike moja, ningelishika hili. Sisi hatumpi mtu kurasa za kwenda kusoma kwake. Hakuna anayeulizwa amefika wapi, maana sote tumefika pale pale. Nakala moja yatutosha wote, na kwa bei za vitabu siku hizi hilo si dogo. Tunapokezana, kurasa nne tano kila mtu, na asiyetaka kusoma hasomi, ana masikio yake. Kwa mwendo huo tunamaliza kurasa 25 hivi kwa kikao, na riwaya ya kurasa 200 yaweza kutuchukua miezi minane. Mwenye haraka zake na asome nyingine kitandani kwake, nami hufanya hivyo kila usiku. Cha kikundi kinakwenda polepole.

Wako wanaoona kusomewa ni mambo ya watoto wa chekechea. Nawajibu kwamba huku ndiko kwetu. Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu huu, alifariki mwaka 1840. Diwani yake ilichapishwa 1940, tena huko Johannesburg. Miaka 100 hiyo mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu wa Mombasa na katika hati za watu wachache, hasa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyaandika kabla ya wazee walioyahifadhi kwisha. Tenzi nazo zilisomwa hivyo, mmoja ana karatasi, nyumba nzima inasikiliza, na waliosikiliza walikuwa wajuzi wa kuzikosoa wasiopitwa na mwandishi yeyote. Tukikaa ukumbini tukasomeana, hatujabuni jambo jipya.

Kusoma kwa sauti ndiko kulikomleta mavyaa wangu, yaani mama mkwe, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wengi wananiambia adui wa kusoma ni televisheni.

Mavyaa ni mama wa miaka sabini na kitu. Macho yamepungua nuru, vitabu hakuwa na haja navyo. Haja yake ilikuwa tamthilia. Tulipokuwa tukikutana kwangu alikaa kwenye kiti chake pembeni, rimoti mkononi, akiniheshimu kwa kupunguza sauti. Jumapili moja nilikuwa nasoma mimi. Tulifika mahali mtoto amejificha nyuma ya magunia, anasikia hatua zinakuja, na papo hapo mwenzangu akasema unga umeshapanda. Nikafunga kitabu. Mavyaa akageuka.

"Hee! Wafunga? Na yule mtoto je?"

"Mwezi ujao, mama."

"Mwezi ujao! Hata hawa wa kwenye televisheni hawafanyi hivyo, mwanangu. Kesho yake waionyesha."

Usiku ule, baada ya isha, aliizima televisheni kwa mkono wake akaniita nimsomee kurasa mbili zaidi. Nilimsomea. Nikajifunza jambo ambalo watengenezaji wa tamthilia wanalijua siku zote: acha pale panapouma. Msimalize sura. Sura ikiisha moyo unatulia na mtu anasahau. Simameni katikati, mgeni yuko mlangoni, barua haijafunguliwa. Mtu atakwenda nayo nyumbani wiki nne, na Jumapili ikifika atakuja bila kukumbushwa.

Msishindane na televisheni kwa saa zake. Saa moja ni taarifa ya habari ya Kiswahili, baada yake tamthilia, na kikundi kinachojipanga wakati huo kitapoteza watu kisha kiwalaumu. Sisi tunaanza alasiri na kumaliza maghribi, jua likizama kila mtu yuko huru kurudi kwa vipindi vyake. Wala msimdharau mtu mbele ya watu kwa kupenda tamthilia. Anayefuatilia hadithi mwaka mzima, akawajua watu thelathini kwa majina, akakumbuka nani alimdhulumu nani na lini, huyo ni msomaji ambaye hajapewa kitabu. Mavyaa wangu ananisoma mimi na vitabu pia. Tulikuwa sura ya pili tu ya riwaya fulani aliposema, "Huyu anayecheka cheka na kila mtu ndiye atakayewauza." Ilituchukua miezi mitano kugundua kwamba alikuwa na haki.

Tuje kwenye tuzo.

Kikundi cha kwanza kilichagua vitabu kwa muhuri. Tukiona jaladani pameandikwa kwamba kimeshinda, tunakinunua. Vilikuja vinene, vya Kiingereza, vya miji tusiyoijua, na tulivinunua ili tuwe watu wanaosoma vitabu vya namna hiyo. Wangapi walivimaliza sijui, kwa sababu tulioneana haya kuulizana. Siilaumu tuzo. Sisi ndio tuliogeuza tuzo kuwa amri.

Oktoba 2021 ilipotangazwa kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, amepata Nobel ya Fasihi, huku mwambao mzima tulijiona tumeshinda. Jambo lililonigusa zaidi ni lile alilolisimulia mwenyewe, kwamba simu ilimkuta jikoni kwake Uingereza, na mwanzo alidhani anafanyiwa mzaha. Jikoni! Nilimsomea mavyaa habari hiyo, akasema, "Basi ni mtu wetu." Lakini Gurnah huandika kwa Kiingereza, na wengi tuliomshangilia hatukuwa tumesoma hata ukurasa wake mmoja. Mwaka 2022 riwaya yake ya 1994 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, imechapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Hicho ndicho tulichokisoma kwa sauti, na ndicho kilichonikatia tui. Ni kisa cha Yusuf, mtoto ambaye babake ana deni kwa tajiri, na deni likalipwa kwa mtoto mwenyewe. Siku ya kwanza, mwenzetu wa Majengo aliyekuwa akisoma alinyamaza katikati ya ukurasa. Tukadhani ameona neno gumu. Alikuwa anamkumbuka bibi yake, ambaye naye alilelewa kwa watu kwa sababu ambazo nyumbani kwao hazikuwahi kusemwa waziwazi. Unga uliumuka siku hiyo mpaka ukaporomoka, na hakuna aliyekwenda kuutazama.

Kwa hivyo ushauri wangu: tuzo iwe sababu ya kukiulizia kitabu, kisha muulize kinapatikana kwa lugha mnayoota nayo. Tafsiri si kitabu cha daraja la pili. Na kama hakuna tafsiri, kuna tuzo nyingine za kutazama. Ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, ni ya maandishi ya Kiswahili, na inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Ilipoanza, jumla ya zawadi zake ilikuwa dola 15,000. Mimi hufuatilia majina ya walioingia fainali, kisha nawasumbua wenye maduka ya vitabu mjini mpaka waagize. Wananijua sasa. Nikiingia wanatangulia kusema "bado, mama".

Tena zisomeni tuzo zenyewe kama hadithi. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi. Miaka yake mitatu gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalitoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na 1974 yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Nilipolisimulia hili kwenye kikao, kabla hata shairi moja halijasomwa, kitabu kilikuwa kimeshashika watu. Tulikipa miezi mitatu, shairi moja moja, tukirudia ubeti mara mbili tatu mpaka uingie.

Mkimaliza kusoma, msiulizane kitabu kinafundisha nini. Swali hilo linamrudisha mtu mzima kidato cha nne, dhamira na maudhui, kalamu nyekundu. Nimeona mwanamke aliyekuwa akilia dakika mbili nyuma anajikausha na kuanza kusema "mwandishi ametuonyesha kwamba". Sisi tuna maswali yetu na yanatosha. Nani katika hawa ungemwoza binti yako? Nani usingemfungulia mlango usiku? Palipikwa nini, na nani hakupewa? Hilo la mwisho alilianzisha mavyaa, na ni zuri kuliko linavyosikika, maana ukifuata sahani katika riwaya utajua nani ana nguvu na nani ni mtumwa kabla mwandishi hajakuambia. Katika Peponi tulilifuata hadi mwisho.

Kuhusu watoto: waacheni wapite. Wanakuja kwa ajili ya mahamri, wanasikia vipande, wanaondoka. Kuhusu wanaume, sisi hatukuwaalika wala hatukuwakataza. Bwana wa mmoja wetu hukaa kibarazani na gazeti lake, na tumegundua kwamba Jumapili hizo gazeti huwa halifunguliwi.

Msizidi wanane, sauti haifiki. Na muwe na mtu mmoja, mmoja tu, anayetunza kitabu kati ya kikao na kikao, asiyekubali kukiazima hata kwa machozi. Kwetu ni mimi.

Dada wa Likoni nilimfuata mwenyewe. Nilivuka siku ya kazi, nikamkuta anafua, nikamwambia ni mahamri tu, hakuna cha kusoma nyumbani, na zamu yake ikifika tutakaa chini kwenye mkeka. Hakunijibu siku hiyo. Alikuja mwezi wa pili, akakaa karibu na mlango. Mwezi wa nne, tulipokuwa kwenye Sauti ya Dhiki, kitabu kilimfikia, nikajua atakipitisha kwa jirani yake. Akakishika. Akasoma ubeti wa kwanza kawaida, wa pili akautia mahadhi, polepole, kama anayemwimbia mtoto, na jikoni aliyekuwa akikoroga mbaazi akazima jiko ili asikie. Alipomaliza akasema bibi yake alikuwa akiwasomea tenzi hivyo, jioni, umeme haujafika kwao, na kwamba yeye hajui kusoma shairi kwa njia nyingine. Tangu hapo mashairi yote ni yake, hatuulizani.

Jumapili hii zamu ni ya nyumba yake. Tutavuka feri ya saa tisa, mavyaa nimemkodia tuktuk mpaka kivukoni, kitabu nimekifunga ndani ya leso kisipigwe na maji, nazi mbili ziko kikapuni. Ameniambia nisinunue hamira, anayo.